Rehani, Mnada na Haki

Mtu apitaye katika vilima vya Kericho na Bomet huona majani ya chai yametanda hadi upeo wa macho. Lakini nchi hiyo nzuri ina historia ndefu ya madeni, na swali moja bado lazusha ugomvi: shamba liuzwapo kwa ajili ya deni, haki hulindwaje?

Hasara ya kwanza iliyohamisha ardhi huko haikuwa ya wenyeji. Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza iliwatengea maofisa wake waliolemaa katika Vita Kuu ya Kwanza ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, shirika lao likafilisika, na ardhi ile ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Wakipsigis, ambao hawakukopa hata senti moja, walipoteza ardhi kwa biashara isiyokuwa yao.

Kisha yakaja mageuzi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka mkulima Mwafrika apewe hati ya shamba lake, ili aweze kukopa. Sheria ya mwaka 1963 ikamruhusu mwenye kudai kuliuza kwa mnada shamba lililowekwa rehani, mkopaji akishindwa kulipa. Hivyo hati iliyomfungulia mkulima mlango wa benki ilimfungulia dalali mlango wa boma.

Hapo ndipo malalamiko huanza. Majirani huona haya kununua shamba lenye makaburi ya wazee wa mwenzao. Na wanunuzi wakiwa wachache, bei hushuka. Lakini mdai naye ana hoja. Fedha akopeshazo ni akiba za watu wengine. Zisiporudi, nani atamkopesha mkulima mwingine?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ilijaribu kuwapatanisha. Mdai sharti atoe ilani ya miezi 3, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye, kwa kanuni za mwaka 1997, hutoa ilani ya siku 45. Shamba lazima lithaminiwe, na mdai atafute bei bora iwezekanayo. Hata hivyo, mnunuzi mwenye nia njema hulindwa. Aliyedhulumiwa kwa kawaida hupata fidia ya fedha, wala si shamba lake.

Basi haki ya mnada yafaa itafutwe kabla nyundo haijagonga. Nawe msomaji, ikifika ilani nyumbani kwenu, usiiache juu ya kabati. Wasomee wazee neno kwa neno, mhesabu siku zilizobaki, mkaulize thamani ya shamba lenu. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hata mdaiwa ana haki zake.