Manju wa Usukuma na Ulimi Wake

Tutajapo watunzi wa mwanzo wa nyimbo za jukwaani, mawazo yetu hukimbilia pwani, kwa Siti binti Saad aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Lakini toka Shinyanga hadi Geita palikuwako jukwaa lisilo na pazia wala tikiti, nalo lilikuwa na mtunzi wake. Wasukuma humwita ningi. Sisi kwa Kiswahili twamwita manju.

Jukwaa hilo lilikuwa uwanja mtupu baada ya mavuno. Yapata Juni hadi Agosti vyama vya Bagika na Bagalu hushindana; asili yao husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, na watazamaji huhama kutoka huku kwenda kule. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Manju aliyekosa neno jipya aliachwa peke yake mchana kweupe, na dawa za mganga wake hazikumfaa kitu (ingawa yeye asingelikubali hilo). Kwa hiyo ilimpasa kutunga juu ya yale yaliyomgusa msikilizaji: jembe, pamba, kodi, njaa, na kejeli kwa mpinzani.

Ulimi uliolelewa hivyo ni mgumu kufungwa. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliyakatalia matawi ya TANU kuandikishwa Usukumani. Mkutano waweza kuzuiwa kwa barua. Wimbo wa wakulima walio shambani wazuiwaje?

Uhuru ulipopatikana, manju alijikuta mbele ya hadhira mpya, nayo ni dola. Katika tasnifu yake ya mwaka 1988 kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Elias Songoyi aliwalinganisha waimbaji wawili: Kalikali wa Usukuma, aliyeikosoa serikali, na Mwinamila wa Tabora, kiongozi wa kikundi cha Hiari ya Moyo, aliyeisifu. Wako waliomwona wa kwanza kuwa mkorofi na wa pili kuwa mzalendo. Sisi hatukubaliani nao. Mwinamila aliamini alichokiimba, wala hatumlaumu. Lakini Kalikali aliendelea na kazi ileile ya uwanjani, ya kumwambia mkulima jambo analolijua na ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulitamka. Tukimwondoa katika historia ya utunzi wetu, twabakiwa na nusu ya sanaa hiyo, tena nusu iliyo nyepesi.

Katika sherehe za kitaifa ngoma hupewa dakika zake, nao watazamaji hukaa vitini. Bujora, karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo kila Juni, pande mbili huchuana hata leo, na watu huhama.