Makaa, Kura na Kauli: Mgomo wa Wachimbaji wa Uingereza, 1984–1985

Shairi la Tony Harrison liitwalo "V." lilitungwa wakati mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza ukiendelea, likachapishwa mwaka 1985. Mandhari yake ni makaburi ya mji wa Leeds, ambayo chini yake mna mgodi wa kale uliokwisha makaa. Kabla ya ubeti wa kwanza, mshairi ameweka kauli ya Arthur Scargill, rais wa Chama cha Taifa cha Wachimbaji, aliyesimulia kwamba baba yake alikuwa angali akisoma kamusi kila siku, kwa kuamini kwamba maisha ya mtu hutegemea uwezo wake wa kuyamiliki maneno. Shairi liliposomwa katika televisheni mwaka 1987, ghadhabu ilifika hadi Bungeni kwa sababu ya matusi yaliyomo. Kelele hizo zilipita. Ugomvi wa wachimbaji haukupita, na sehemu kubwa ya kudumu kwake imo katika maneno machache ambayo kila upande uliyafahamu kwa namna yake.

Makaa ya mawe ndiyo yaliyoijenga Uingereza ya viwanda. Mwaka 1913 nchi hiyo ilichimba zaidi ya tani milioni 280, na wachimbaji wake walizidi milioni moja. Makaa ya Wales yalisafirishwa kwenda bandari za mbali, na meli za moshi zilizopita Aden zikielekea Bahari ya Hindi zilitegemea maghala kama yale. Mwaka 1926 wachimbaji waligoma kwa miezi kadhaa wakipinga kupunguzwa mishahara. Wafanyakazi wengine waliwaunga mkono kwa siku tisa tu, kisha wakawaacha peke yao. Basi tarehe 1 Januari 1947 migodi ilipotaifishwa, watu wengi wa mabonde ya Wales na wa Yorkshire waliiona siku ile kama siku ya kulipwa deni la zamani.

Hata hivyo utaifishaji haukuzuia kufungwa kwa migodi. Mafuta yalikuwa rahisi, na katika miaka ya 1960 mamia ya migodi ilifungwa chini ya serikali za vyama vyote viwili, bila vita. Mchimbaji aliyefungiwa mgodi wake aghalabu alihamishiwa mgodi mwingine, au alipata kazi kiwandani. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana hadi leo watetezi wa Margaret Thatcher hulitumia kama ushahidi kwamba yeye hakuanzisha chochote kipya. Wapinzani wao hujibu kwamba kufunga mgodi wakati kazi ziko tele si sawasawa na kuufunga wakati watu zaidi ya milioni tatu hawana kazi.

Kati ya nyakati hizo mbili palipita ushindi wa wachimbaji. Mwaka 1972 waligoma wakadai nyongeza, na walipoizingira ghala ya Saltley mjini Birmingham, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda wakaja kuwaunga mkono, hata polisi wakaamuru lango lifungwe. Mwanzoni mwa 1974 umeme ulipungua, na viwanda vikaamriwa kufanya kazi siku tatu kwa wiki. Waziri Mkuu Edward Heath aliitisha uchaguzi kwa kuwauliza wananchi ni nani anayeitawala nchi, akashindwa. Chama chake hakikulisahau fedheha ile. Mwaka 1977 kamati ya Nicholas Ridley iliandika mpango wa kuikabili siku ya pili: kulimbikiza makaa, kuandaa madereva wasio wanachama wa vyama vya wafanyakazi, na kuwa na vikosi vya polisi vya kuhamahama. Mwaka 1981 serikali ya Thatcher ilirudi nyuma mbele ya tishio la mgomo, kwa kuwa maghala yalikuwa bado hayajajaa. Miaka mitatu baadaye yalikuwa yamejaa.

Mwezi Machi 1984 Shirika la Taifa la Makaa, likiongozwa na Ian MacGregor, lilitangaza kwamba uzalishaji ungepunguzwa kwa tani milioni nne, migodi 20 ingefungwa, na kazi 20,000 zingepotea. Neno lililotumika ni migodi "isiyo na faida". Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipoanzia. Kwa mhasibu wa shirika, mgodi usio na faida ni ule ambao tani yake inagharimu zaidi ya bei ya sokoni. Mchumi Andrew Glyn wa Oxford alipinga hesabu hiyo. Ukijumlisha posho za wasio na kazi na kodi zitakazopotea, alisema, taifa litapata hasara kubwa zaidi kwa kuufunga mgodi kuliko kwa kuuacha wazi. Wote wawili walikuwa wakipiga hesabu, ila mmoja aliishia kwenye lango la mgodi na mwingine akaingia mjini.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa kura. Wanachama walikuwa wamekataa mgomo katika kura za taifa za mwaka 1982 na 1983. Safari hii viongozi hawakuitisha kura ya taifa. Waliacha kila jimbo ligome lenyewe, na mkutano wa wajumbe wa mwezi Aprili ukaithibitisha njia hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu ambaye mgodi wake uko salama hana haki ya kupiga kura inayomnyang'anya mwenziwe riziki. Tena walikumbuka kwamba mwaka 1977 wanachama waliukataa kwa kura ya taifa mpango wa malipo ya ziada kwa kadiri ya uzalishaji, na bado majimbo kama Nottinghamshire yakauanzisha. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini wachimbaji wengi wa Nottinghamshire, ambao katika kura ya jimbo lao walikuwa wameukataa mgomo, waliendelea kufanya kazi wakisema kwamba hawakuulizwa. Chama kilichokuwa na wimbo mmoja kikagawanyika, na ndugu wa nyumba moja wakaacha kusalimiana.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Tarehe 18 Juni maelfu ya polisi na wagomaji walipambana huko Orgreave, nje ya kiwanda cha kuchoma makaa. Watu 95 walishtakiwa, na kesi ikavunjika mwaka 1985 ushahidi wa polisi ulipotiwa shaka; mwaka 1991 polisi wa South Yorkshire walikubali kuwalipa watu 39 fidia ya pauni 425,000. Mwezi Julai 1984 Thatcher, akizungumza na wabunge wake, aliwafananisha viongozi wa mgomo na adui wa ndani. Kauli ile haikusahauliwa katika vijiji vya migodi, ambavyo viliipokea kuwa imewahusu watu wote. Wanawake walifungua majiko ya jumuiya, wakapanda majukwaani, na baadhi yao hawakurudi tena katika ukimya wa zamani. Kulikuwa na maafa pia: wagomaji wawili walikufa wakiwa katika kuzuia malango, na mwezi Novemba dereva wa teksi aliyekuwa akimpeleka mchimbaji kazini aliuawa huko Wales kwa bonge la zege lililodondoshwa kutoka darajani. Watu zaidi ya 11,000 walikamatwa. Tarehe 3 Machi 1985 wajumbe walipiga kura, 98 kwa 91, kurudi kazini bila mapatano yoyote. Katika vijiji vingine walirudi wakiandamana nyuma ya bendi na bendera.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoifanya hukumu iwe ngumu. Scargill alikuwa amesema kwamba orodha ya kweli ilikuwa ndefu kuliko migodi 20, shirika lilikanusha. Nyaraka za serikali zilizofunguliwa Januari 2014 zilionyesha kwamba MacGregor alikusudia kufunga migodi 75 katika miaka mitatu. Mwaka 1992 ilitangazwa kwamba 31 kati ya migodi 50 iliyobaki ingefungwa, na migodi ya Nottinghamshire, iliyofanya kazi mwaka mzima wa mgomo, haikusalimika. Huko Wales wachimbaji 239 wa mgodi wa Tower, ulioambiwa hauna faida, walitoa kila mmoja pauni 8,000 za kiinua mgongo chake wakaununua, wakauendesha tangu 1995 hadi makaa yake yalipokwisha mwaka 2008. Mgodi wa mwisho wa chini sana, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015.

Kwa hivyo Scargill alibashiri kweli kuhusu idadi, na wakati huohuo alikosa kitu ambacho kura peke yake ingempa, nacho ni haki ya kusema kwa niaba ya wote. Wala ushindi katika kura haukuwa wa hakika. Lakini kutokupigwa kwake kuliwaacha Waingereza bila jibu ambalo kila upande ungelazimika kulikubali. Watu wa Nottinghamshire hulizungumza suala la nani aliamua. Wa Yorkshire hulizungumza suala la nini kiliamuliwa. Ni maswali mawili, na kwa miaka arobaini yamekuwa yakijibiwa kama kwamba ni moja.

Wakati nao umeongeza la tatu. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha Ratcliffe-on-Soar, cha mwisho kuzalisha umeme kwa makaa nchini humo, kilizimwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa hali ya hewa ya dunia. Wapo wanaodai kwamba historia imemthibitisha Thatcher. Dai hilo halisimami, kwa sababu mwaka 1984 hakuna upande uliopigania hewa safi, na makaa yaliendelea kuagizwa kutoka ng'ambo muda mrefu baada ya migodi kufungwa. Linalobaki ni namna ya kufunga. Scotland ilipitisha sheria mwaka 2022 kuwasamehe wachimbaji waliohukumiwa kwa makosa ya wakati wa mgomo, na mwezi Julai 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza uchunguzi wa kisheria juu ya Orgreave. Wengi wa waliokuwapo pale ni wazee sasa, na wengine wameshakufa. Wanachokitaka si mgodi tena, bali kuandikwa kwa yale yaliyotokea kwa maneno ambayo wao wenyewe wangeyatambua.