Kumbukumbu ya Tabibu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya wafanya biashara, lakini lahusu vile vile hazina iliyo kubwa kuliko mali, nayo ni afya. Mgonjwa mmoja huonwa na matabibu wengi: hupimwa damu leo, hupewa dawa kesho, na baada ya miezi mitatu hurudi mbele ya tabibu asiyemjua. Daftari lake likipotea, au likiwa nene hata halisomeki, jambo lililopaswa kutendwa husahauliwa. Insha hii yaeleza jinsi kompyuta ilivyopewa kazi ya kukumbusha, kwanza Marekani, kisha Kenya.

Mwaka 1972 tabibu Clement McDonald wa Taasisi ya Regenstrief, mjini Indianapolis, alianza kuweka katika kompyuta habari za wagonjwa 35 wa kisukari. Kusudi lake halikuwa kujenga ghala ya maandishi tu. Alitaka mashine izisome habari hizo kabla ya mgonjwa kuonwa, kisha imwandikie tabibu maneno machache: shinikizo la damu limepanda, dawa hii yaweza kudhuru ini. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 1976. Matabibu 9 walijaribiwa kwa zamu, mara wakikumbushwa, mara wasikumbushwe. Walipokumbushwa walishughulikia mambo 51 katika kila 100; walipoachiwa kumbukumbu zao wenyewe, 22 tu.

Yupo awezaye kudhani kuwa tofauti hiyo ilitokana na uvivu au ujinga. Sivyo. Watu walikuwa wale wale, na elimu waliyokuwa nayo walipokumbushwa ndiyo waliyokuwa nayo waliposahau. Tena wenye mwaka mmoja wa mafunzo ya hospitali hawakupitwa na waliowatangulia kwa kiasi cha maana. McDonald aliona kuwa upungufu ulikuwa katika ubinadamu wenyewe, maana akili moja haiwezi kuchunga mambo mengi kwa pamoja pasipo kuponyokwa na lolote. Desturi ya zamani ilikuwa kumlaumu aliyekosa na kumtaka azidishe bidii. Utafiti huu ulionyesha kuwa bidii peke yake haitoshi.

Mbegu ya Indianapolis ilifika Kenya kwa njia ya ushirikiano wa vyuo vikuu viwili, Indiana na Moi. Mwezi wa Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kusini ya Eldoret, kilianza kuandika habari za wagonjwa wake katika kompyuta. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa muda wa wagonjwa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Ulipofika wakati wa kuwatunza wagonjwa wengi wa UKIMWI, ambao hapana budi waangaliwe maisha yao yote, mfumo huo ulipanuliwa. Na katika kazi hiyo ilizaliwa, mwaka 2004, OpenMRS, programu ambayo nchi yoyote yaweza kuitumia bila ya kuinunua.

Mwaka 2011 tabibu Martin Were na wenzake walichapisha habari za kliniki mbili za magharibi ya Kenya. Walitazama kipimo cha chembe za CD4, kionyeshacho nguvu ya kinga ya mwili. Palipotolewa karatasi yenye ukumbusho, kipimo kiliagizwa kwa wagonjwa 53 katika kila 100 waliostahili, pasipotolewa, 38. Utafiti wao juu ya watoto, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha tofauti kubwa zaidi: mambo yaliyochelewa yalitimizwa kwa asilimia 68, na pasipo ukumbusho asilimia 18.

Hata hivyo mashine si salama kwa kuwa ni mashine. Mwezi wa Oktoba 2002 hospitali ya watoto ya Pittsburgh ilianza kuagiza dawa kwa kompyuta. Makala ya mwaka 2005 ilieleza kuwa miongoni mwa watoto waliohamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine, vifo vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Dawa hazikuweza kuagizwa kabla ya mtoto kuwasili, na wahudumu walishikwa na kazi ya mashine wakati mgonjwa alipowahitaji kitandani. Hospitali ya watoto ya Seattle nayo ilitia kompyuta katika kazi iyo hiyo, na makala yake ya mwaka 2006 haikuonyesha ongezeko la vifo. Twaona basi kuwa namna ya kuipokea mashine, na mpango wa kazi unaoizunguka, una uzito sawa na mashine yenyewe.

Yafaa pia tusisahau hesabu iliyobaki. Indianapolis walikumbushwa, na mambo 49 katika kila 100 hayakushughulikiwa. Kenya vile vile, wagonjwa 47 katika kila 100 hawakuagiziwa kipimo. Karatasi humwambia tabibu jambo lililosahauliwa, lakini haiwezi kuchukua damu, wala kununua dawa iliyokwisha, wala kumwongezea tabibu dakika mbele ya foleni ndefu. Kukumbusha ni kazi ya mashine. Kutenda, na kumpa tabibu nafasi ya kutenda, kungali deni la wanadamu.