Sungura wa ghorofani

Hapa kwetu ukitaja sungura, wengi hukumbuka hadithi za bibi, au banda la mbao uani na kitoweo cha Jumapili. Sungura wa kukaa ghorofani na watu? Utachekwa! Hata hivyo, sungura mmoja mashuhuri kabisa aliishi hivyo.

Beatrix Potter alizaliwa London mwaka 1866. Shule hakupelekwa. Alikulia katika chumba cha watoto, ghorofa ya tatu, na mdogo wake wa pekee alipokwenda shule ya bweni, akabaki na walezi na wanyama. Alipomnunua sungura Benjamin alikuwa mtu mzima, lakini bado yumo kwa wazazi, na ilimbidi amwingize kwa siri ndani ya mfuko wa karatasi. Mwanamke mzima, ndugu zangu! Benjamin akazoea mkate wa kuchoma wenye siagi. Akisikia kengele ya chai, mbio sebuleni.

Ngazi lakini si mchezo. Miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu, mifupa yake ni myepesi. Akiteleza kwenye ngazi laini anaweza kuvunjika mgongo.

Peter, aliyemfuata Benjamin, alikufa Januari 1901. Desemba hiyo Beatrix, akiisha kukataliwa na wachapishaji, alijichapishia nakala 250 za kitabu cha Peter. Mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne ikakitoa, naye akapata fedha zake mwenyewe.

Nyumba ile ilibomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Leo mahali pale pana shule ya msingi.