"Majeshi Yetu" au "Majeshi ya Uingereza"?

Katika vita vya mwaka 1982 vya visiwa vya Falklands, ambavyo Argentina huviita Malvinas, watangazaji wa BBC walisema "majeshi ya Uingereza", wala si "majeshi yetu". Mwezi Mei Waziri Mkuu Margaret Thatcher alilalamika Bungeni kwamba pande mbili zilikuwa zikitajwa kana kwamba ni sawa. Neno dogo kama "-etu" lilizua ghadhabu kubwa! Richard Francis wa BBC alijibu kuwa mjane wa Portsmouth hana tofauti na mjane wa Buenos Aires.

Sisi tunaonelea "kutofungamana" libaki kuwa neno la siasa za mataifa. Sifa ya mtangazaji yafaa iitwe "kutopendelea". Maana yeye anayo nchi yake, wala haikani.