Asiyekuwapo na Lake Halipo: Kilosa, Mikumi na Historia ya Kuhudhuria kwa Mbali

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Msemo huu hutamkwa barazani kwa mzaha, kahawa ikigawiwa na mmoja wa wenzi akiwa amekawia; lakini ndani yake mna hukumu nzito, nayo ni kwamba baraza ni mali ya waliolikalia. Zama zetu zimejaribu kuitangua hukumu hiyo. Tangu maradhi ya korona yalipoenea mwaka 2020, mkutano wa makundi mawili umekuwa jambo la kawaida: kundi moja limekaa ukumbini, na jingine liko mbali, likihudhuria kwa simu ama kompyuta. Tunaambiwa kwamba umbali umekufa. Historia ya Kilosa na Mikumi, nchi iliyo kati ya pwani na bara, njia ya misafara, ya reli na ya barabara kuu, inatufunza vingine. Umbali haujafa, umebadili nguo tu.

Tuanzie Msowero, katika Usagara ya zamani, ambayo leo imo katika wilaya ya Kilosa. Tarehe 29 Novemba 1884, Mangungu, mtawala wa Msowero, alikutana na Mjerumani aitwaye Carl Peters, kijana wa miaka 28, aliyekuja na hati zake kwa niaba ya jumuiya ya ukoloni ya Kijerumani. Mkutano ule ulikuwa na wahudhuriaji wachache, lakini uliwagusa wengi wasiokuwapo. Mangungu alihesabiwa kuwa anasema kwa ajili ya watu wake wote, na Peters kwa ajili ya wenziwe wote, waliopo na watakaokuja. Hati iliandikwa kwa Kijerumani, na baina ya wawili hao alisimama mkalimani mmoja, ambaye hati inamtaja kwa jina la Ramazan. Kwa maneno yake mtu huyo mmoja, nchi nzima ikahesabika kuwa imetolewa.

Kwa wasomaji wa visiwani, hati hiyo ina kifungu kimoja kinachouma zaidi. Inaeleza kwamba Mangungu alipoulizwa alijibu kuwa hako chini ya Sultani wa Zanzibar, na zaidi ya hayo, hata hajui kama Sultani huyo yupo. Haya yaliandikwa katika nchi ambayo misafara ya Unguja na Bagamoyo ilikuwa ikiipita kila mwaka, na ambayo upande wake wa kaskazini, Mamboya, palikuwa pamewekwa askari wa Sultani. Aliyekuwa mbali hakunyimwa kura tu. Aliandikwa kuwa hakuzaliwa. Na yeye Mangungu, aliyekuwapo kwa mwili, je, alikuwapo kwa kweli? Mtu asiyeweza kuisoma hati anayoitia alama, na ambaye kila alisikialo limepitia kinywa cha mwingine, naye yuko mbali, ingawa ameketi hatua mbili kutoka kwenye karatasi.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Unguja ya siku zile haikuwa kisiwa kilichotengwa na dunia. Waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia mwaka 1879. Kwa hiyo Seyyid Barghash aliweza kupeleka neno Ulaya kwa muda mfupi kuliko neno la kutoka Usagara, lililohitaji majuma mawili matatu ya mwendo wa miguu hadi pwani. Nchi iliyo karibu ilikuwa mbali, na Berlin iliyo mbali ilikuwa karibu. Mkutano mkuu wa Berlin ulikwisha tarehe 26 Februari 1885 bila ya mtawala yeyote wa Kiafrika kupewa kiti. Kesho yake Kaisari akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo Peters alidai kupewa. Taarifa rasmi ilimfikia Sultani mwezi wa Aprili, kwa mkono wa konsuli wa Ujerumani. Barghash hakunyamaza. Alipeleka simu ya kupinga kwa Kaisari mwenyewe, akisema kuwa nchi hizo ni zake.

Simu ilifika. Hili ndilo la kuzingatiwa. Waya haukukatika, maneno hayakupotea, wala hapana aliyedai kuwa hakuisikia sauti. Jawabu lake lilikuwa manowari za Kijerumani zilizotia nanga mbele ya kasri mwezi wa Agosti 1885, na Sultani akalazimika kukubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya milki yake, zikambakishia pwani ukanda wa upana wa maili 10, naye akaletewa mapatano ayaridhie yakiwa yamekwisha andikwa. Basi tangu mwanzo kabisa wa mawasiliano ya waya katika bahari yetu tulijifunza kwamba kusikika ni jambo moja, na kusikilizwa ni jambo jingine.

Baada ya hapo zilikuja zana za kuufupisha umbali wenyewe. Reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa kwa kulifuata bonde la mto Mkondoa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tawi lake kutoka Kilosa lilikwisha fika Mikumi, kisha likasogezwa hadi Kidatu. Huko Kidatu pana somo ambalo mafundi wa mitandao wangeweza kulifanya dibaji ya vitabu vyao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067 baina ya vyuma vyake. Reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haizidi upana wa vidole vinne. Lakini kwa ajili ya vidole hivyo vinne, behewa la reli moja haliwezi kuendelea juu ya nyingine, na shehena haina budi kuhamishwa. Njia mbili zinaweza kugusana bila ya kuungana.

Tena njia iliyoungana huweza kukatika. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulifurika, ukaibomoa reli baina ya Kilosa na Gulwe, na treni za kati zikasimama kwa miezi. Mwaka huohuo wa 2009, mwezi wa Julai, mkongo wa SEACOM ulikuwa umetua Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulikuwa umeanza. Wakati njia ya chuma inachukuliwa na maji, njia ya nuru ilikuwa inafukiwa ardhini. Nayo haikupewa kinga ya milele: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipatwa na hitilafu baharini, kusini ya kwetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kudodosa.

Basi tumwangalie mhudhuriaji wa mbali wa siku hizi. Yuko Mikumi, kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa, ama yuko katika kijiji cha milimani magharibi ya Kilosa, ambako mawimbi ya mnara huzuiwa na mlima kama mwanga wa taa unavyozuiwa na ukuta. Mkutano uko Morogoro au Dodoma. Taabu yake ya kwanza ni mwangwi: sauti yake hutoka katika spika ya ukumbini, ikaingia tena katika kipaza sauti cha huko huko, ikamrudia masikioni angali anasema, naye akababaika kama mtu anayezomewa na kivuli chake. Ya pili ni kipaza sauti kimoja kilichowekwa mbele ya mwenyekiti. Wajumbe wa nyuma wanaposema, wa mbali husikia mvumo tu, na wenzake wakicheka hajui wamechekea nini.

Ya tatu ni kukawia, nayo ndiyo hatari zaidi kwa kuwa haionekani. Watu wakizungumza ana kwa ana, muda baina ya mwisho wa kauli ya mmoja na mwanzo wa kauli ya mwenziwe ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta iko umbali wa kilomita 36,000 hivi, na sauti kupanda na kushuka huchukua kama robo ya sekunde. Swali na jawabu ni nusu ya sekunde. Katika nusu hiyo mtu wa ukumbini amekwisha dhani kuwa kimya ni ridhaa, na mwingine amedaka neno. Wa mbali akianza kusema anaonekana mkatizaji. Akifanya hivyo mara mbili, ya tatu hunyamaza. Kisha karani huandika kuwa wajumbe wote wameafiki.

Hapa ndipo Msowero inaporejea. Katika nchi ya Kilosa, mkutano si jambo la adabu tu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila ya idhini ya mkutano wa kijiji. Wilaya hii imeona mgogoro wa wakulima na wafugaji ukifikia damu: tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Mahali ambapo mpaka wa shamba na njia ya mifugo huamuliwa kwa mkutano, aliye malishoni, aliye hospitalini na aliyehamia mjini wote wana lao la kupoteza. Mahakama za Tanzania zimelitambua jambo hili kwa upande wao. Mwaka 2021 zilipata kanuni za kuendesha mashauri kwa mtandao, kwa sababu katika kesi kusikilizwa ni haki, wala si hisani.

Ushairi wetu nao una la kuchangia. Mwanzoni mwa karne ya 19 malenga wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa tungo zilizovuka bahari kwa jahazi, na katika karne ya 20 washairi waliokuwa mamia ya maili mbalimbali walilumbana katika kurasa za magazeti, mmoja akiuliza mwezi huu na mwenziwe akijibu mwezi wa pili ama wa tatu. Malumbano hayo yalikuwa na kukawia kwingi kuliko setilaiti yoyote, na hata hivyo hapana aliyekatizwa. Kila mtu aliisoma kauli ya mwenziwe yote, kutoka kituo hadi kituo, ndipo akashika kalamu. Hawakudanganyana kwamba wameketi mkeka mmoja, wakaupa umbali kanuni zake.

Mwenyekiti wa leo anaweza kuiga hayo bila ya kununua mtambo mpya. Amwite wa mbali kwa jina kabla ya wa karibu, amngoje mpaka amalize, ayasome maamuzi kwa sauti kabla ya kuyafunga. Na karani aandike kila saa ambayo mawasiliano yalikatika, nani alikatiwa, na jambo gani lilikuwa likijadiliwa. Hati ya mwaka 1884 iliandika kwamba asiyekuwapo hajulikani. Hati ya mkutano wa leo iandike angalau kwamba alikuwapo, na kwamba hakusikika.