Chungu na sura ya nchi: maonyesho ya ufinyanzi yana maana gani?

Wafinyanzi kadhaa wakiweka kazi zao mahali pamoja chini ya mada moja, mathalani milima, mito au ziwa la kwao, hayo huitwa maonyesho ya pamoja. Hapa Mjimwema wengi wetu tunakijua chungu cha kupikia na mtungi wa maji. Kwa nini vyombo hivyo vipangwe mezani, watu waje kuvitazama tu? Tunaeleza.

Udongo ndiyo nchi yenyewe

Mwamba wa mlimani hulika kwa mvua na jua miaka na miaka hadi ukawa chembe laini. Maji huzishusha bondeni, zikatulia na kuwa udongo wa mfinyanzi. Rangi nayo hutoka hukohuko: udongo wenye chuma ukichomwa penye hewa ya kutosha huwa mwekundu, ukikosa hewa ukajaa moshi, huwa mweusi.

Jirani zetu Wakisi

Mfano wa karibu uko kwenye Ziwa Nyasa, hilihili la Mbamba Bay na Liuli. Kaskazini mwake, wilayani Kyela, wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu vya duara na kuvipamba kwa udongo wa rangi. Huvichoma kwa moto wa wazi, kisha huvisafirisha kwa mitumbwi hadi Lyulilo, Matema, kwenye soko la Jumamosi.

Jina la mfinyanzi

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, naye hufinyanga kwa mikono bila gurudumu. Miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wa huko. Mwaka 2019, huko Wakefield, Uingereza, vyombo vyake vilionyeshwa pamoja na kazi za watu wa nchi na zama nyingine, na jina lake likiwa juu kabisa.

Mnunuzi wa chungu cha Kikisi mara nyingi huondoka bila kujua nani amekifinyanga. Tena ndoo za plastiki na sufuria zimechukua kazi nyingi za chungu. Mfinyanzi akiuza chombo cha maji tu, anashindana na ndoo. Akiuza kazi yenye jina lake na kijiji chake, ndoo haimfikii. Hiyo ndiyo faida ya maonyesho.

Ukienda kutazama

Usiishie mbele ya chombo; kizunguke. Angalia tumbo, shingo na mapambo, ujiulize vinakukumbusha mlima gani au mto gani. Uliza udongo umechimbwa wapi na umechomwaje. Na usiondoke kabla hujauliza jina la aliyekifinyanga. Hata sokoni, swali hilo ni bure.